Kutoka Lamu hadi kliniki ya uzazi: kupanga vipimo, safari na siku za hedhi

Manii yakishatolewa kwa ajili ya kipimo yana saa moja tu ya kufika mezani kwa mtaalamu wa maabara. Basi la kutoka Mokowe hadi Mombasa huchukua saa saba au nane, na hapo hujahesabu mashua ya kuvuka kutoka kisiwani wala vizuizi vya polisi njiani. Ndiyo shida nzima ya kutafuta matibabu ya uzazi ukiwa Lamu. Mwili una saa zake, barabara ina zake, na kliniki zenye maabara ya kutunga mimba ziko Mombasa, chache, na Nairobi, nyingi zaidi. Wanaofanikiwa kupunguza safari ni wale wanaojua kipimo gani kifanyike wapi, siku ya ngapi ya hedhi, na kwa mpangilio gani.

Mwongozo huu ni wa bibi na bwana walio Lamu, kisiwani au bara. Walio Malindi waufuate pia, ila waruke habari za mashua: kwao Mombasa ni kilomita 120 hivi, na vipimo vingi vinawezekana kwa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mtu wa Lamu ana takriban kilomita 340.

Wakati wa kuanza

Madaktari huhesabu miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga, mimba isishike. Bibi akiwa na miaka 35 au zaidi, ni miezi 6. Wapo wasiopaswa kungoja hata huo muda: mwanamke ambaye hedhi yake hupotea kwa miezi, aliyewahi kupata mimba nje ya kizazi, aliyewahi kuugua maambukizi makali ya nyonga au homa kali baada ya kujifungua au mimba kuharibika, na mwanamume aliyewahi kupasuliwa korodani, ambaye korodani hazikushuka utotoni, au aliyetibiwa saratani.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani hukutana na tatizo hili maishani mwake. Kwa hiyo hakuna nyumba ya kunyooshewa kidole. Kinacholeta hasara ni miaka inayopita mke akipelekwa huku na kule peke yake, bwana hajapimwa hata mara moja.

Bwana apimwe kwanza

Upande wa mwanamume huhusika katika karibu nusu ya visa, ama peke yake ama pamoja na upande wa mke. Kipimo chake ni cha bei nafuu kuliko vyote, hakina maumivu, na hakitegemei siku ya hedhi. Kumwanzia mke na kumwacha mume mwisho ni kupanga kazi kinyume.

Kwanza bwana akae bila kutoa manii siku 2 hadi 7. Siku 3 au 4 ndizo nzuri. Akizidisha wiki, idadi huongezeka lakini mbegu nyingi huwa zimekufa. Atoe kwenye kikombe cha maabara yenyewe, si chupa ya dawa iliyosuuzwa. Asitumie mate, sabuni wala mafuta, kwani huua mbegu. Kondomu ya dukani haifai. Kwa wanaoona uzito kujitoa kwa mkono, zipo kondomu maalumu za kukusanyia manii zisizo na dawa ya kuua mbegu. Uliza kliniki mapema, kwa sababu si kila duka la dawa linazo. Tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi zaidi, kwa hiyo likimwagika lazima useme, la sivyo jibu litakuwa la uongo.

Ukitolea nyumbani, kikombe kisafiri mfukoni karibu na mwili, si kwenye barafu wala juani, na kifike ndani ya nusu saa ikiwezekana, saa moja kwa upeo. Anayeishi Mkomani au Langoni anafika hospitali ya King Fahd kwa miguu. Wa Shela, Matondoni au Mokowe ni afadhali atolee hospitalini. Wa Faza na Kiunga asijaribu kusafirisha kikombe kabisa; aje mwenyewe.

Majibu yawe na mambo haya yote: ujazo, idadi kwa mililita, asilimia inayosonga, asilimia yenye umbo zuri, saa ya kutolewa na saa ya kusomwa. Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani, toleo la 2021, ni mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, asilimia 42 zinazosonga kwa jumla (30 zikienda mbele), na asilimia 4 zenye umbo la kawaida. Karatasi iliyoandikwa "nzuri" au "hafifu" bila tarakimu haina kazi Mombasa wala Nairobi, kwa kuwa kliniki itarudia yote na utalipa mara mbili. Kabla ya kulipa, uliza maabara wanaandika nini.

Jibu likiwa baya, usikate tamaa kwa karatasi moja. Mbegu hutengenezwa kwa siku 70 hivi, kwa hiyo malaria au homa kali ya miezi mitatu iliyopita inatosha kuiharibu. Rudia baada ya miezi miwili au mitatu. Na kama bwana anajidunga testosteroni kwa ajili ya misuli, aseme waziwazi: sindano hizo huweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu, na vijana wengi hawajui.

Vipimo vya bibi visivyohitaji safari ndefu

Siku ya 1 ni ile hedhi inapoanza kutoka kwa wingi, si siku ya matone. Andika tarehe hizo za miezi mitatu kabla hujamwona daktari. Karatasi hiyo ndogo ndiyo itakayotumika kupanga kila nauli utakayolipa.

Siku ya 2 hadi ya 5 hupimwa homoni za uzazi: FSH, LH na estradioli. TSH, homoni ya tezi ya shingo, na prolaktini, homoni ya maziwa, huweza kutolewa damu siku hiyo hiyo. Damu yenyewe inaweza kuchukuliwa Lamu au Malindi na kupelekwa maabara kubwa. Uliza tu kama wanatenganisha seramu na kuituma ikiwa baridi. AMH, kinachokadiria akiba ya mayai, hupimwa siku yoyote, kwa hiyo kiunganishe na safari yoyote utakayokuwa nayo.

Projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, ndiyo inayokosewa zaidi. Watu huambiwa "njoo siku ya 21". Hiyo ni kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Kanuni ni siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa: mwenye mzunguko wa siku 35 apime siku ya 28. Akipima siku ya 21, yai bado halijatoka au ndiyo kwanza limetoka, naye ataambiwa hatoi mayai wakati anayatoa. Kiwango kinachozidi nanogramu 3 kwa mililita ni dalili kwamba yai lilitoka.

Ongeza vipimo vya VVU, homa ya ini B na C, kaswende, kundi la damu na kinga ya rubela kwa bibi; bwana naye apime vya maambukizi. Kila kliniki itavidai. Kabla ya kuvifanya, piga simu uulize majibu ya miezi mingapi iliyopita wanayakubali, maana ukiwahi mno utarudia. Bibi aanze folik asidi mikrogramu 400 kila siku tangu sasa.

Safari moja ya Mombasa yenye kazi nne

Kipimo cha mirija ya uzazi kwa dawa ya rangi na eksirei, HSG, ndicho kinachowasafirisha wengi. Hakirukwi, kwa sababu mirija iliyoziba kutokana na maambukizi ni miongoni mwa sababu kubwa za ugumba Afrika kusini mwa Sahara. Hufanywa hedhi ikikauka na kabla yai halijatoka, kwa kawaida siku ya 7 hadi ya 10. Tangu hedhi ianze bibi na bwana wasikutane, ili kusiwe na mimba changa tumboni.

Hapo ndipo hesabu inapogongana kwa watu wa mbali. Mkitaka manii ya bwana nayo yapimwe safari hiyo hiyo, bwana atakuwa amekaa zaidi ya siku 7. Dawa yake ni atoe manii siku tatu au nne kabla ya siku ya kipimo chake, bila ya kuingiliana na mkewe. Jambo dogo, lakini wasiolijua hurudi Mombasa mara ya pili.

Mfano wa hedhi iliyoanza Jumatatu: siku hiyo hiyo piga simu kushika nafasi ya Jumatano ya wiki inayofuata, ambayo ni siku ya 10, au Jumanne, siku ya 9. Safirini Jumatatu. Jumanne asubuhi fanyeni HSG. Jioni, ultrasaundi ya ukeni na damu ya AMH. Jumatano bwana atolee manii kwenye maabara ya kliniki ya uzazi, kisha mmuone daktari mkiwa na majibu yote mkononi. Alhamisi rudini. Kama mzunguko wa bibi ni mfupi, wa siku 24 au 25, msifike siku ya 10, wahini.

Kabla ya HSG bibi anywe dawa ya maumivu, kama ibuprofeni, saa moja kabla, ikiwa hana vidonda vya tumbo wala pumu inayochochewa nayo. Aliyewahi kuugua nyonga amwambie daktari, atapewa antibiotiki. Mirija ikionekana imeziba pale pale inapoungana na kizazi, huenda ni misuli imekaza kwa maumivu tu, si kuziba kwa kweli. Uliza kabla ya kukubali upasuaji. Mrija uliovimba na kujaa maji ni jambo jingine: maji yale yakirudi kizazini hupunguza nafasi ya IVF, yaani mimba ya kutungishwa maabara, kwa karibu nusu, na mara nyingi inafaa mrija uondolewe au ufungwe kwanza. Kliniki inayotaka kuendelea na IVF bila ya kuzungumzia hilo iulizwe kwa nini.

Chukua picha zenyewe, si karatasi ya maelezo pekee. Zipige picha kwa simu pia. Bahasha hulowa kwenye mashua.

Si kila mtu anahitaji IVF

Mirija ikiwa wazi na mbegu ni za wastani, tatizo likiwa mayai hayatoki, daktari huanza na vidonge vya letrozoli, miligramu 2.5 au 5 kwa siku tano, tangu siku ya 3. Hivi humezwa nyumbani. Siku ya 11 au 12 ultrasaundi huangalia kifuko cha yai. Kikifika milimita 18 hadi 20, bibi na bwana hukutana nyumbani kwa siku walizopangiwa, au hufanywa IUI, yaani mbegu zilizosafishwa kuingizwa kizazini saa 36 hivi baada ya sindano ya kupasua yai. IUI inamlazimu mtu wa Lamu kukaa Mombasa siku nne au tano. Wa Malindi anaenda na kurudi mara mbili.

Hatari ni kununua vidonge hivyo dukani na kuvimeza mwezi baada ya mwezi bila ultrasaundi na bila kujua hali ya mirija. Mrija ulioziba haufunguki kwa letrozoli, na mwaka unakwisha.

IVF inabaki kwa mirija iliyoharibika, mbegu chache sana, umri uliosonga, au njia nyepesi zilizoshindikana. Kenya watoto wa kwanza wa IVF walizaliwa Nairobi mwaka 2006, miaka 28 baada ya Louise Brown kuzaliwa Uingereza. Kwa hiyo hakuna haja ya kudhani lazima mtu aende India.

Ichunguze kliniki kwa simu kabla ya kukata tiketi

Anza na leseni. Baraza la madaktari na madaktari wa meno la Kenya, KMPDC, lina orodha ya madaktari na vituo mtandaoni. Tafuta jina la daktari na la kituo, yote mawili. Kisha omba mazungumzo ya kwanza yawe kwa simu ya video. Daktari anayekataa katakata, hali una majibu yote, anakugharimu siku mbili za njia kwa mazungumzo ya nusu saa.

Swali linalofuata ndilo zito zaidi kwa mtu wa pwani: mayai yatatolewa wapi, na maabara ya viinitete iko jengo gani? Kituo cha Mombasa kinaweza kuwa tawi la kuonana na daktari tu, kazi yenyewe ikafanyika Nairobi. Si vibaya, lakini lazima ujue kabla, maana utahitaji nauli na malazi ya miji miwili. Uliza pia kama wanatoa mayai siku yoyote, hata Jumapili, au wanakusanya wanawake kwa makundi wakati mtaalamu wa maabara anapokuja. Ikiwa ni makundi, tarehe yako itaongozwa kwa vidonge ili ilingane na wengine. Hilo huweza kumfaa mtu wa Lamu, kwa kuwa anajua tarehe mwezi mzima mbele.

Wakikutajia asilimia ya mafanikio, uliza: ya umri gani, na ya nini? Kipimo cha mkojo kilichoonyesha mimba si mtoto. Kinachotakiwa ni watoto waliozaliwa hai kwa kila mzunguko ulioanzwa, kwa wanawake wa umri wako, kwa mayai yao wenyewe. Baada ya miaka 42 nafasi hiyo ni ndogo sana popote duniani, na anayekuahidi vinginevyo anakuuzia kitu.

Uliza watarudisha viinitete vingapi. Kimoja ni bora, viwili ndio mwisho. Mapacha watatu huzaliwa kabla ya wakati, na kutoka Lamu hadi hospitali yenye chumba kikubwa cha watoto njiti ni mbali mno. Hapa msishawishike na hesabu ya "tumalize mara moja".

Bei iandikwe. Mzunguko mmoja huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi, na tofauti kati ya kliniki mara nyingi iko kwenye kilichoachwa nje: sindano za homoni, dawa ya usingizi, kudunga mbegu ndani ya yai, kugandisha viinitete na ada ya kuvihifadhi kila mwaka. Omba kila kimoja kwa mstari wake. Msipange mkitarajia SHA, bima ya afya ya serikali, ilipe, hadi mpate jibu la maandishi. Juu ya bei hiyo ongezeni malazi ya wiki tatu, chakula, siku za kazi zitakazopotea, na nauli ya ndege moja ya dharura. Hiyo ya ndege isiguswe.

Kalenda ya IVF, iliyopangwa kwa anayetoka mbali

Kwa kawaida mambo huenda hivi. Siku ya 2 au ya 3 ya hedhi, ultrasaundi ya mwanzo na sindano ya kwanza. Sindano ni za kila siku, saa ile ile, kwa siku 8 hadi 14. Kuanzia siku ya 5 au ya 6 ya sindano, ultrasaundi kila baada ya siku mbili au tatu, na huongezwa sindano ya pili ya kuzuia mayai yasitoke kabla ya wakati. Mayai yakikomaa, sindano ya mwisho, kisha kutolewa mayai baada ya saa 34 hadi 36. Kiinitete hurudishwa siku ya 3 au ya 5 baada ya hapo. Ukikaa mjini muda wote ni siku 18 hadi 21.

Njia ya kwanza ya kupunguza: ultrasaundi ya mwanzo ifanywe Lamu au Malindi, sindano za siku nne za kwanza zidungwe nyumbani, kisha usafiri uwe mjini siku ya 5 ya sindano. Unaokoa siku tano au sita. Masharti ni kwamba ultrasaundi iwe ya ukeni, ihesabu vifuko vidogo vya mayai kila upande na iseme kama kuna uvimbe wa maji, picha zitumwe siku hiyo hiyo, na kliniki iwe imekubali mpango huu kwa maandishi. Aliye Pate au Kiunga asifanye hivi. Akae Lamu mjini au Malindi.

Njia ya pili ni kugandisha viinitete vyote. Unaenda mara ya kwanza siku 10 hadi 12 kwa kutoa mayai, unarudi nyumbani, mwili unapumzika. Mwezi mwingine unameza vidonge vya estrojeni nyumbani kwa siku 10 hadi 14, ultrasaundi ya Malindi inapima ukuta wa kizazi (unatakiwa milimita 7 au zaidi), unaanza projesteroni saa uliyoambiwa, na unasafiri kwa siku tatu au nne tu kwa kurudishiwa kiinitete. Kwa maoni yetu hii ndiyo inayowafaa wengi wa Lamu ingawa inaongeza gharama ya kugandisha, kwa sababu safari ya pili ina tarehe inayojulikana, na hatari ya tumbo kujaa maji, tutakayoieleza mbele, hupungua sana.

Bwana anahitajika siku moja, ile ya kutoa mayai, lakini awe amefika siku mbili kabla. Kama ni baharia au anafanya kazi Ghuba, agandishe mbegu mapema. Huhifadhiwa kwenye nitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Hata bwana aliye nyumbani inafaa aweke akiba. Hofu ya siku ile huwashinda wanaume wazima, na mayai hayangoji.

Kuhusu sindano ya mwisho: ikiwa mayai yatatolewa Jumatano saa tatu asubuhi, sindano ni Jumatatu saa tatu usiku, si saa nne. Wekeni kengele kwenye simu mbili. Asubuhi na usiku zitajwe wazi, maana saa tatu ya Kiswahili na saa tatu ya karatasi ya kliniki zinaweza kupishana kwa saa sita. Karatasi ikisema 9 ina maana saa tatu. 3 ni saa tisa. Kosa likitokea, pigeni simu pale pale. Kuficha kunaweza kuwafanya waingie kutafuta mayai wasiyakute.

Njia: bara, bahari na angani

Usisafiri siku ya miadi. Weka siku mbili kati ya kufika na tendo lolote lisiloweza kuahirishwa. Barabara ya Lamu, Witu hadi Garsen imewekwa lami, lakini inapita bonde la Tana. Mafuriko ya Novemba 2023 yaliikata maeneo ya Gamba na abiria wakakwama. Miezi ya masika, Aprili hadi Juni, na ya vuli, Oktoba hadi Desemba, epukeni kupanga IVF kama umri unaruhusu kungoja. Usalama nao huweza kusimamisha mabasi bila taarifa, kwa hiyo pigieni simu ofisi ya basi asubuhi ya kuondoka.

Wanaotoka Faza, Siyu au Kizingitini wahesabu maji: mkondo wa Mkanda hupitika vizuri maji yakijaa, na wakati wa kusi njia ya nje ni ya mawimbi. Shukeni Lamu siku moja kabla ya basi.

Kwenda Nairobi, ndege kutoka Manda au Malindi huchukua saa moja na zaidi kidogo. Njia ya bei nafuu ni basi hadi Mombasa, kulala, kisha treni kutoka Miritini. Ikiwa pesa ya ndege inatosha upande mmoja tu, itumieni kurudi baada ya kutolewa mayai. Kwenda mnaweza kwa basi.

Dawa kwenye joto la pwani

Sindano nyingi za homoni hutaka nyuzi 2 hadi 8. Baadhi huvumilia nje ya friji kwa muda, lakini chini ya nyuzi 25, na chumba cha Lamu mwezi wa Machi hakifiki huko hata usiku. Mtungi nao hauwezi. Soma boksi la kila dawa.

Wakati wa safari tumia sanduku la barafu lenye mifuko ya jeli iliyogandishwa, ifunge kwa taulo, na dawa zisiguse barafu. Dawa ya sindano iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Nyumbani iweke katikati ya friji, mbali na kigandishi na mbali na mlango, pamoja na kipimajoto kidogo. Umeme ukikatika usifungue friji. Ukikatika kwa zaidi ya muda wa saa nne, hamishia dawa kwenye sanduku. Kwenye ndege na basi dawa zikae mkononi, pamoja na barua ya daktari kuhusu sindano. Zisitiwe kwenye buti. Vidonge vya projesteroni vya kuweka ukeni huyeyuka mkobani. Navyo vipewe ubaridi.

Dini na karatasi za kutia sahihi

Kwa Waislamu, fatwa ya Al-Azhar ya mwaka 1980 na uamuzi wa Baraza la Fiqhi la kimataifa mjini Amman mwaka 1986 ziliruhusu IVF kwa mbegu za mume na yai la mkewe ndani ya ndoa, bila mtu wa tatu. Kanisa Katoliki haliikubali IVF. Zungumzeni na sheikh au padri wenu kabla ya kulipa, si katikati ya sindano. Mwezi wa Ramadhani ni bora kuuacha upite, kwa sababu ya saa za dawa, maji mengi ya kunywa na siku ya dawa ya usingizi.

Fomu ya kliniki isomeni nyumbani, si mapokezi. Iandikwe kwamba hakuna yai wala mbegu ya mtu mwingine itakayotumika, na viinitete vilivyogandishwa vitafanywaje mkiachana au mmoja akifariki. Kama fomu ni ya Kiingereza na hamkuielewa, ombeni ielezwe kwa Kiswahili mbele ya shahidi.

Kurudi nyumbani

Kiinitete hakidondoki kwa basi, mashua wala punda, na kulala kitandani siku nzima hakuongezi nafasi. Pumzikeni siku moja au mbili kisha rudini. Kinachohitaji uangalifu ni ovari zilizovimba kwa sindano: zinaweza kujipinda. Kwa wiki mbili bibi asinyanyue ndoo nzito wala kuruka kutoka mashuani hadi gatini. Maumivu ya ghafla ya upande mmoja pamoja na kutapika ni dharura.

Dharura nyingine ni tumbo kujaa maji kutokana na homoni. Hutokea siku 3 hadi 7 baada ya sindano ya mwisho, au mimba ikishika, wiki moja hivi baadaye. Bibi ajipime uzito na mzunguko wa tumbo kila asubuhi. Akiongezeka zaidi ya kilo moja kwa siku, mkojo ukipungua, au akikosa pumzi akilala, aende hospitali mara moja na apige simu kliniki. Kabla ya kurudi kisiwani, muwe na namba ya nahodha anayekubali kuvuka usiku, na gari la Mokowe. Karatasi ya dawa zote alizopewa ikae mkobani mwake.

Kipimo cha mkojo cha mapema kinadanganya, kwa sababu sindano ya mwisho yenye hCG, homoni ya mimba, huonekana mkojoni hadi wiki mbili. Ngojeni damu ya beta hCG siku mliyopangiwa, kati ya siku ya 9 na ya 14 baada ya kurudishiwa kiinitete, na irudiwe baada ya saa 48 kwenye maabara ile ile. Ikipanda polepole, au bibi akapata maumivu ya upande mmoja, ya bega, au kizunguzungu, mimba inaweza kuwa kwenye mrija, hata kwa IVF. Huyo asikae Faza kungoja maji yajae. Ahamie Lamu mjini au Malindi hadi ultrasaundi ya wiki ya 6 au ya 7 ionyeshe mimba iko kizazini.

Projesteroni huendelea hadi wiki ya 8 au ya 10, na duka la dawa la kisiwani huenda lisiwe na aina yenu. Nunueni dozi yote kabla hamjatoka mjini.